Mani Planti Haijui Kalenda

Karibu kila mani planti inayoning'inia kwenye baraza na sebule zetu imetokana na kipande cha shina, si mbegu. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Epipremnum aureum, huchanua kwa nadra mno kwa sababu una hitilafu ya kurithi inayouzuia kutengeneza jiberelini, homoni inayoamsha maua. Watafiti walioongozwa na timu ya Marekani waliieleza hitilafu hiyo mwaka 2016. Usipochanua hauzai mbegu, na usipozaa mbegu unabaki kuenea kwa kukatwa na kupandikizwa tu. Kwa hiyo kipande ulichopewa na jirani ni mmea wa jirani mwenyewe, damu moja na ukoo mmoja. Wake ukifika mlangoni kwa kutambaa na wako ukabaki na majani matatu ya njano, huna mbegu ya kulaumu. Wala usilaumu mkono. Kusema kwamba fulani ana mkono wa kupanda na fulani hana ni kisingizio cha kutotazama kinachotofautiana kati ya nyumba mbili. Mara nyingi kinachotofautiana ni mwanga: mmoja umewekwa karibu na dirisha, mwingine umewekwa juu ya kabati la televisheni, na yote miwili inamwagiliwa sawasawa.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba maji ya mani planti hupimwa kwa mwanga. Ukishajua mmea wako unapata mwanga kiasi gani, maswali mengine yote, ya chungu, ya udongo, ya mbolea, hata ya kukata matawi, yanajibika kwa urahisi. Usipojua, utafuata ratiba ya "mara moja kwa wiki" uliyoisikia kwa mtu ambaye dirisha lake si lako, na ratiba hiyo huua mimea mingi kuliko wadudu wote wakijumlishwa pamoja.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaojua asili ya mmea huu, nalo lina uzito. Mani planti ni mwenyeji wa kisiwa cha Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa, kusini mwa bahari ya Pasifiki, mahali pa joto na mvua nyingi. Mmea wa mvua utaogopaje maji? Jibu liko katika namna unavyoishi huko. Hauishi kwenye dimbwi. Unapanda juu ya miti. Kwenye kila kifundo cha shina hutoka mizizi ya hewa inayong'ang'ania magome, na mvua ikinyesha maji huteremka juu ya mizizi hiyo, kisha yakaisha, na punde mizizi imezungukwa na hewa tena. Huhitaji kusafiri hadi Pasifiki kuyaona haya. Katika bustani za zamani za pwani yetu, mani planti iliyoachwa ipande mwembe au mnazi hutoa majani makubwa yenye mipasuko, ambayo yanaweza kukaribia urefu wa mita moja, na wapita njia wengi hawajui kwamba ni mmea uleule wa sebuleni. Mizizi yake imezoea maji yanayopita. Yanayotuama ni habari nyingine kabisa.

Mzizi unapumua. Unahitaji oksijeni ili upate nguvu ya kuvuta maji na virutubisho, na oksijeni hiyo huifikia kupitia matundu madogo yaliyo kati ya chembe za udongo. Matundu hayo yakijaa maji, oksijeni inalazimika kupenya ndani ya maji, ambamo husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Mzizi huanza kufa kwa kukosa pumzi. Baada ya hapo huingia vimelea kama Pythium, ambao mbegu zao ndogo huogelea kabisa katika udongo uliolowa, wakamalizia kazi. Kinachofuata ndicho kinachowachanganya watu: mmea wenye mizizi iliyokufa hauwezi kunywa, kwa hiyo majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenye nyumba anaona majani yamelegea, anahurumia, anaongeza maji. Huruma hiyo ndiyo inayomaliza.

Mwanga unaingiaje hapo? Mmea hunywa kwa kadiri unavyofanya kazi, na kazi yake ni usanisinuru. Mwanga ukitosha, jani hufungua vinyweleo vyake lipate kuingiza hewa ukaa, na kupitia vinyweleo hivyohivyo maji hutoka kama mvuke, nayo mizizi huvuta mengine kufidia. Mwanga ukiwa hafifu, jani halina sababu ya kufungua sana, sukari inayotengenezwa ni kidogo, na mizizi inakaa kivivu. Chungu kilekile na maji yaleyale, kikiwa dirishani kinaweza kukauka ndani ya siku nne au tano; kikiwa kwenye ukumbi wa giza, kinaweza kubaki na umajimaji wiki mbili na zaidi. Ratiba moja haiwezi kuvihudumia vyote viwili.

Kwa hiyo anza kwa kupima mwanga, na usiliamini jicho lako. Jicho la binadamu hujirekebisha haraka mno: ukitoka nje ukaingia sebuleni, baada ya dakika chache unaona chumba "kina mwanga wa kutosha," ilhali mwanga umeshuka mara mia kadhaa. Jua la mchana mahali pa wazi hufikia lux 100,000 hivi. Ndani ya nyumba, hatua moja kutoka dirishani, mara nyingi hubaki elfu moja au elfu mbili. Kwenye kona ya mbali inaweza kuwa chini ya 100. Zipo programu za simu zinazotumia kamera kukupa makadirio ya lux, nazo zinatosha kwa kulinganisha kona moja na nyingine. Kama hutaki programu, chukua karatasi nyeupe, iweke pale unapotaka kuweka mmea mchana jua likiwa limetoka vizuri, kisha nyoosha mkono wako juu yake, kama sentimita 30 hivi. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo kali, hapo pana jua la moja kwa moja. Usogeze mmea nyuma kidogo au uweke pazia jepesi. Ukiona kivuli laini ambacho bado unaweza kuhesabu vidole vyake, hapo ndipo pake hasa. Ukiona wingu tu lisilo na umbo, mmea utaishi bila kukua, na maji yake yapungue sana. Usipoona kivuli chochote, weka picha ya ukutani, usiweke mmea.

Juu ya madirisha, tahadhari na miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani. Inasema dirisha la kaskazini lina giza na la kusini lina jua kali, na huko ni kweli. Sisi tunaoishi karibu na ikweta mambo ni tofauti. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, huwa na jua la adhuhuri upande wa kaskazini tangu mwezi Machi hadi mapema Oktoba, kisha linahamia kusini kwa miezi iliyobaki. Na kwa kuwa linapita juu sana, upenu wa bati au kibaraza huzuia sehemu kubwa ya miale yake isiingie ndani. Madirisha ya kuangaliwa kwetu ni ya mashariki na ya magharibi. La mashariki hupokea jua la asubuhi ambalo mani planti hulivumilia na hata kulifurahia. La magharibi hupokea jua la alasiri, na majani yaliyoshikamana na kioo hapo hupata mabaka ya kahawia makavu kama karatasi, ambayo hayaponi tena. Kumbuka pia vitu vinavyokula mwanga kimyakimya: vioo vya rangi, wavu wa mbu uliojaa vumbi, pazia zito lisilofunguliwa mpaka wageni waje, na ukuta wa ghorofa la jirani uliojengwa mita tatu kutoka kwako. Wavu ukipigwa brashi na kuoshwa, chumba kinapata mwanga ambao hakuna mbolea inayoweza kuununua.

Rangi ya majani nayo inafuata hesabu hiyohiyo. Sehemu za njano au nyeupe zina umbijani kidogo, kwa hiyo jani lenye mabaka mengi hutengeneza chakula kidogo kuliko la kijani tupu la ukubwa huohuo. Aina yenye mchirizo mweupe, iitwayo Marble Queen, inahitaji kukaa karibu zaidi na dirisha kuliko ile ya kawaida ya kijani na njano, nayo hukua taratibu hata ukiitunza vizuri. Ukiona majani mapya yanatoka ya kijani kitupu, mmea unalalamikia giza. Usogeze, kisha ukate tawi hilo hadi kwenye jani la mwisho lenye mabaka, maana tawi lililokwisha kugeuka mara nyingi huendelea kutoa kijani tu.

Sasa maji yenyewe. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulioganda na ubaridi wa umajimaji, ondoka, rudi baada ya siku mbili tatu. Kikitoka kikavu, mwagilia. Baada ya wiki kadhaa hutahitaji kidole. Utanyanyua chungu na uzito wake utakuambia. Unapomwagilia, mwagilia kikweli: mimina polepole mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, subiri robo saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Tabia ya kutia kikombe kidogo kila asubuhi ina ubaya wa pande mbili: juu hapakauki kamwe na chini huenda pasifikiwe na tone. Majani yakilegea, usikimbilie bomba kabla kidole hakijasema. Udongo mkavu na majani yaliyolegea ni kiu, na mmea utasimama tena ndani ya saa chache ukinyweshwa. Udongo mbichi na majani yaliyolegea ni mizizi iliyooza, na kila tone unaloongeza ni deni.

Kuna watakaosema: hayo ni ya nchi za baridi, kwetu joto ni kali, lazima maji yaende kila siku. Kweli, joto na upepo huongeza unywaji. Chungu kilicho barazani Januari, Dar, upepo wa kaskazi ukivuma, kinaweza kukauka siku ya tatu. Lakini joto ndani ya chumba chenye giza hufanya kinyume cha wanavyodhani. Mizizi na vijidudu vya udongoni hutumia oksijeni nyingi zaidi kunapokuwa na joto, na maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Udongo uliolowa Mombasa huoza mizizi haraka kuliko udongo uliolowa Limuru. Joto ni sababu ya kupima mara kwa mara zaidi, haliwezi kuwa sababu ya kumwaga bila kupima.

Majira yetu pia hayafanani na ya vitabu vya nje. Mchana wa London hupungua hadi karibu saa 8 kwa siku mwezi Desemba, ndiyo maana Waingereza huambiwa waache mbolea na wapunguze maji majira ya baridi. Ndugu zetu walio huko waufuate ushauri huo kwa moyo mmoja. Dar au Nairobi mchana hucheza kwenye saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kinachobadilika ni mawingu na unyevu wa hewa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, chungu kilichozoea maji kila siku ya tano kinaweza kuchukua siku 8 au 9. Nairobi, Juni hadi Agosti, baridi na mawingu ya asubuhi huupunguza mmea mwendo, na huo ndio msimu ambao mani planti nyingi za Nairobi huoza kwa sababu mkono uliendelea na mazoea ya Februari.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni chupa. Kila mtu ameona mani planti ikiishi miaka ndani ya chupa ya maji, bila udongo. Kama maji huzuia pumzi, ile inaishije? Mizizi iliyozaliwa ndani ya maji hujengeka tofauti na iliyozaliwa udongoni: ni laini zaidi, na imezoea kuchota oksijeni kidogo iliyoyeyuka humo. Chupa yenyewe ina uso wa wazi unaogusana na hewa, na maji safi hayana majani yanayooza wala samadi, kwa hiyo vijidudu vinavyoshindana na mzizi kugombea oksijeni ni vichache. Udongo uliolowa siku zote umejaa washindani hao. Ndiyo maana ukiung'oa mmea mkubwa udongoni ukautia kwenye chupa, mizizi yake mingi ya zamani huoza kabla mipya haijatoka. Na ukihamisha mche wa chupa kwenda udongoni, inafaa udongo ubaki na umajimaji kwa wiki mbili za kwanza mpaka mizizi ya udongoni itoke. Chupa haipingi hoja yangu. Inaonyesha kwamba adui ni ukosefu wa oksijeni, na maji ni njia tu anayopitia.

Ila chupa ina masharti yake, na moja ni la afya ya nyumba nzima. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu aienezaye, Aedes aegypti, hupenda hasa vyombo vidogo vya maji safi karibu na watu: ndoo, matairi, visahani vya maua, na chupa ya mani planti. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au kupita kidogo. Badilisha maji kila wiki bila kukosa, na usiishie kuyamwaga. Sugua kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hunata hapo juu kidogo ya usawa wa maji na huweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Visahani vivyo hivyo.

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Vile vyungu vizuri vya kauri visivyo na tundu vitumike kama vazi la nje tu: mmea ukae kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kopo liingizwe ndani, na litolewe wakati wa kumwagilia. Watu wengi hujaribu kuziba pengo la matundu kwa kupanga kokoto chini, wakiamini maji yatateremka yakae kwenye kokoto. Hayateremki. Maji yaliyoshikwa na matundu madogo ya udongo hayaingii kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umeshajaa kabisa. Kwa hiyo tabaka lililolowa hubaki palepale, safari hii limepanda juu karibu na mizizi. Ukitaka kuona nguvu hiyo, lowesha sifongo ya kuoshea vyombo, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, bila kukamuliwa. Ni sifongo ileile na maji yaleyale. Kilichobadilika ni kimo. Chungu kirefu hutoa maji vizuri kuliko kifupi kipana, na kokoto kazi yake ni kukipunguzia chungu kimo.

Udongo wenyewe uwe mwepesi. Ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama wa maeneo mengi ya mashariki mwa Nairobi, haufai hata kidogo ukiwa peke yake. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu wenye mboji, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga zilizounguzwa, na sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa au mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko huko. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu. Na chungu kizidi fundo la mizizi kwa vidole viwili tu kila upande: kikubwa kupita kiasi hubeba udongo ambao hakuna mzizi wa kuunywea, na udongo huo hukaa umelowa. Mmea ulio mahali penye mwanga mdogo, upe chungu kidogo zaidi, cha udongo wa kuchomwa kama kinapatikana, kwa kuwa kuta zake hupumua.

Ukishuku kwamba mizizi imeoza, usikisie. Utoe mmea uone. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiubana ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta kidogo ganda lake huchomoka kama soksi likibakisha uzi mwembamba katikati. Harufu ni ya mtaro. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, osha iliyobaki, iache kivulini saa mbili tatu, kisha panda kwenye udongo mpya na chungu kidogo kuliko cha mwanzo, mahali penye mwanga laini. Mizizi ikiwa imekwisha yote, usihangaike na shina la chini. Matawi ya juu bado ni mazima. Yakate uanze upya.

Kukata vipande ni kazi nyepesi, na kosa linalorudiwa ni moja: kuchukua jani na kikonyo chake pekee. Jani hilo linaweza kuishi muda mrefu majini, lakini halitakuwa mmea kamwe kwa sababu halina kifundo. Tazama shina kwa karibu: chini ya kila jani kuna uvimbe, na ubavuni mwake kijinundu cha kahawia kama ncha ya njiti ya kiberiti. Hicho ndicho mzizi unaosubiri. Kata sentimita moja au mbili chini yake, bakisha jani moja au mawili, kisha tia kifundo majini.

Tawi refu lina uzuri wake, ila usilipe uhuru wote. Mani planti inayoning'inia hutoa majani madogo zaidi kadiri inavyorefuka, na sehemu ya juu karibu na chungu hubaki upara kwa kuwa mwanga hauifikii na majani ya zamani hudondoka. Ukikata tawi juu kidogo ya kifundo, kifundo hicho hutoa chipukizi jipya, na vipande ulivyokata, ukivichomeka chunguni humohumo, hujaza ule upara. Ukitaka majani makubwa, geuza mwelekeo: simamisha gongo lililofungwa makumbi ya nazi, ufunge shina kwake, na ulowanishe makumbi mara kwa mara ili mizizi ya hewa ishike. Jani hutanuka mmea unapopanda. Vilivyobaki usivitupe kichakani wala korongoni. Sri Lanka na Hawaii mmea huu ulitoroka bustanini ukafunika miti ya asili, na hali ya hewa ya pwani yetu haina tofauti kubwa na ya huko.

Mbolea ije mwisho, na wengi huianza mwanzo. Mmea ulio gizani haujapungukiwa virutubisho, umepungukiwa nguvu ya kuvitumia, na chumvi za mbolea zisizoweza kutumiwa hujilimbikiza na kuunguza mizizi. Mmea ulio kwenye mwanga mzuri na unaotoa majani mapya, upe mara moja kwa mwezi NPK ya 17:17:17 ya duka la pembejeo, nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, juu ya udongo ambao tayari umelowa. Usiupe mbolea ya kuchochea maua. Hauna maua ya kuchochewa. Urea kavu juu ya chungu ni kuchoma pesa na mizizi kwa pamoja. Ncha za majani zikiwa kahawia na utando mweupe ukionekana juu ya udongo, angalia kwanza maji yako: visima vingi vya Dar vina chumvi. Kinga maji ya mvua yawe ya maua, au angalau mara moja kila miezi miwili mimina maji mengi yasiyo na chumvi yapite chunguni hadi chini. Kupaka majani mafuta yang'ae huziba vinyweleo. Kitambaa chenye maji kinatosha, na kuondoa vumbi ni kuongeza mwanga.

Wadudu nitawapitia haraka. Vijitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani huondolewa kwa pamba yenye spiriti, ukirudia kila wiki mpaka waishe. Vijidudu vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo ni dalili ya udongo usiokauka. Dawa yao ni kuacha kumwagilia. La kuzingatia zaidi ni utomvu: mmea mzima una sindano ndogo mno za oksaleti ya kalisi, ambazo mtoto, paka au mbwa akitafuna jani humchoma mdomo na koo. Mtoto akitafuna, mtoe vipande mdomoni, msuuze, mpe maji au maziwa ya baridi, na akivimba au akipumua kwa shida mpeleke hospitali mara moja. Tundika juu, na tawi lisishuke hadi usawa wa mtoto anayetambaa.

Na kama umeununua ili usafishe hewa ya chumba, ujue dai hilo lilitokana na majaribio ya NASA yaliyochapishwa mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa chuo kikuu cha Drexel walirudia hesabu za majaribio ya namna hiyo wakakuta kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida kwenye jengo. Fungua dirisha, litasaidia mapafu yako na mmea pia.

Ukisafiri kwenda kijijini wiki mbili za Desemba, usimwachie jirani ufunguo aje kumwagilia kila siku, maana atafanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Siku ya kuondoka nywesha mpaka maji yatoke chini, mwaga kisahani, kisha usogeze mmea mita mbili ndani kutoka dirishani. Kwa kuupunguzia mwanga umeupunguzia kiu, na maji hayo yatatosha mpaka urudi. Ukirudi, urudishe dirishani, na upime kwa kidole kabla ya kuchukua jagi.